Watoto Wasiokuwa na Tiketi: Uchambuzi wa Kisa cha MV Spice Islander I

Meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa na kibali cha kuchukua abiria 645 na mabaharia 45. Ilizama kwenye mkondo wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, usiku wa kuamkia Jumamosi, Septemba 10, 2011, na miili iliyopatikana ikafika 203. Januari 2012 ripoti rasmi ilipotoka, ikaja na hesabu ambayo watu wengi walikuwa wakiinong'ona tu vibarazani: watu 1,370 hawajaonekana, wala hai wala maiti.

Kwa kila mmoja aliyezikwa, basi, kuna karibu saba ambao hawakuzikwa popote. Sensa ya 2012 iliwakuta Wazanzibari milioni 1.3, kwa hiyo bahari ilichukua karibu mtu mmoja katika kila elfu moja, na kumchukua bila kumrudisha. Pemba, ambako meli ilikuwa ikienda, ilikuwa na watu laki nne na kidogo. Kwa kisiwa cha ukubwa huo si rahisi kumpata mtu asiyemjua aliyepotelewa.

Tukisikia kwamba mtoto amepotea, akili zetu hukimbilia mahali pengine kabisa. Tunamfikiria mtekaji, tunamfikiria mtoto aliyeponyoka mkono wa mama yake pale Darajani sokoni, tunasikia tangazo la msikitini baada ya magharibi: mtoto wa kiume, kavaa kanzu nyeupe, atakayemuona amfikishe kwa sheha. Hayo yapo na yana uchungu wake. Lakini usiku ule walipotea watoto wengi kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyelifungua faili hilo kama faili la watoto waliopotea. Lilifunguliwa kama ajali ya meli, likachunguzwa kama ajali ya meli, na chanzo kilipotajwa likafungwa kama ajali ya meli. Nataka kulifungua upande huu mwingine. Swali langu ni dogo: ni nani hasa walikuwamo mle ndani, na kwa nini ilikuwa vigumu kiasi hicho kujua?

Usiku wenyewe

Juu ya kuzama kwenyewe sitakaa sana, kwa kuwa yameshasemwa na hayana ubishi mkubwa. Ilikuwa Ijumaa, wiki moja na siku kidogo baada ya Idi el Fitri. Waliokuja Unguja kula sikukuu na jamaa zao walikuwa wanarudi makwao, na Idi ni safari ya familia: mama, watoto, shangazi, na mabegi yenye nguo mpya zilizovaliwa siku tatu. Meli ilikuwa kongwe, imeundwa Ugiriki mwaka 1967, na ilikwishafanya kazi baina ya visiwa vya huko kabla ya kuuzwa na kuletwa kwetu. Iliondoka bandari ya Malindi, Unguja, kiasi cha saa 3 usiku ikiwa imejaa watu na mizigo. Wapo waliousimulia msongamano ule wakasema ulitisha tangu gatini. Kiasi cha saa 7 usiku ikazama, baina ya Unguja na Pemba.

Wavuvi wa Nungwi ndio waliotoka mwanzo, pamoja na vyombo vya wazamiaji wa mahoteli ya kaskazini. Waliookolewa wengi walikuwa wameshikilia chochote kinachoelea, magodoro yakiwemo, maana magodoro yalikuwa sehemu ya shehena. Mara nyingi nimewaza juu ya magodoro yale. Mtu mzima anaweza kulikamata godoro lililotota maji na kuning'inia mpaka alfajiri. Mtoto wa miaka minne hawezi, mpaka awepo wa kumshikilia, na huyo wa kumshikilia naye anahitaji mkono wa pili.

Rais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein, alitangaza siku tatu za maombolezo. Watu walifikishwa mahakamani kwa uzembe. Tume iliundwa.

Hesabu iliyokua

Siku za mwanzo dunia ilisikia watu kama 200 wamekufa na zaidi ya 600 wameokolewa. Magazeti ya nje yakaandika hivyo, na mengi hayakurudi tena kusahihisha. Lakini hebu tuzitazame hesabu hizo mbili peke yake. Waliookolewa na waliopatikana wamekufa ukiwaweka pamoja wanapita 800. Kibali cha meli ni 645, na ukiongeza mabaharia wote 45 ni 690. Kwa maneno mengine, kabla hujamhesabu hata mtu mmoja aliyepotea, meli ilikwishazidi. Mtu yeyote mwenye kalamu angeweza kuliona hilo Jumapili ile ile. Na akishaliona, angejua kwamba orodha ya abiria, iwe imeandikwa vizuri au vibaya, haina msaada: orodha halali haiwezi kubeba majina mengi kuliko kibali, na meli ilikwishabeba watu wengi kuliko kibali.

Ripoti ya Januari ilipowajumlisha wote ilionesha kwamba mlikuwa na zaidi ya watu 2,400. Toa 690. Zaidi ya watu 1,700 walipita langoni wakapanda bila kuwa na nafasi kwenye karatasi. Hawa hawakupenya kwa ujanja wala hawakuruka ukuta. Walipita pale pale wanapopita wote, mbele ya macho ya watu wenye kazi ya kutazama.

Hesabu ya 1,370 basi haikuweza kutoka bandarini. Ilitoka majumbani. Ilijengwa na waliokwenda kusema, nimepotelewa na fulani na fulani. Hapo tuwe waangalifu kidogo, maana hesabu ya namna hii ina makosa ya pande mbili, na watu wetu hupenda kulitaja kosa moja tu.

Kosa linalotajwa sana ni la kuzidisha. Husemwa kwamba palikuwa na matumaini ya fidia, na panapokuwa na fidia majina huzaa. Tena mtu mmoja anaweza kuandikishwa mara mbili bila hila yoyote: mume kaandikisha Unguja, mama mzazi kaandikisha Wete, mmoja kasema jina la nyumbani na mwengine kasema jina la skuli. Visiwani kwetu mtoto mmoja anaweza kuwa na majina matatu na yote ni yake.

Kosa la pili halitajwi, nalo ndilo linalowahusu watoto. Ili uingie kwenye hesabu, lazima abaki mtu wa kukutaja. Mume, mke na watoto wanne wakipanda pamoja na wote wakapotea, nani anakwenda kwa sheha? Babu atakwenda, lakini babu anawajua wajukuu watatu, wa nne kazaliwa mwezi Julai huko Unguja na hajaletwa kuoneshwa. Au anajua wapo wanne lakini hajui kwamba mmoja aliachwa kwa jirani, au kwamba jirani alimtia mwanawe safarini awafuate. Kitoto kichanga ndicho mtu mwepesi kuliko wote kupotea katika hesabu ya namna hii, kwa sababu waliokuwa na uhakika wa kuwepo kwake walikuwa naye mle mle. Kwa hiyo anayesema 1,370 ni nyingi mno anaweza kuwa na haki upande wa watu wazima. Upande wa watoto mimi nadhani mashaka yaende kinyume.

Kwa nini bahari haikuwarudisha

Kuna swali ambalo Wapemba wanaliuliza bado, na si swali la kijinga: watu zaidi ya elfu moja wanakwendaje wasionekane, kwenye bahari ambayo kila siku ina ngalawa, mashua na madau?

Mkondo wa Pemba si bahari ya kawaida ya kwetu. Unguja imekaa juu ya mwambao wenye kina kidogo, ukitoka hapo kuelekea Bara unaweza kutia nanga karibu kila mahali. Pemba imetengwa na bonde refu la baharini ambalo kina chake mahali pengine hufika mamia ya mita. Meli ilikwenda chini zaidi ya mita 300. Wazamiaji walioletwa kutoka Afrika Kusini walisitishwa na kina hicho pamoja na nguvu ya maji. Mzamiaji wa mtungi wa hewa hafiki hata robo ya kina kile na kurudi salama.

Mkondo wenyewe huenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi, msimu uliokuwepo Septemba ile, huenda kwa kasi zaidi. Aliyekuwa nje ya meli basi hakubaki Nungwi. Alipelekwa upande wa pwani ya Tanga na Kenya, au nje kabisa ya macho ya ardhi.

Aliyekuwa ndani ana hali nyingine. Mwili ukizama kwenye maji ya joto na ya kina kidogo, baada ya siku kadhaa gesi huuinua juu; kila mvuvi anajua hivyo, na ndiyo maana husubiriwa siku ya tatu. Kwenye mita 300 maji ni baridi sana na uzito wake huibana gesi isifanye kazi. Mwili haupandi. Na nani walikuwa ndani? Safari ya usiku, wanawake na watoto huingia ndani mapema, hutandika kanga baina ya viti, hulala. Wanaume vijana ndio hubaki nje juu wakipiga soga na kupunga upepo. Usiku ule aliyelala ndani alikuwa na dakika chache sana za kuamka, kumuamsha mtoto, na kupanda ngazi ambayo imeshageuka ukuta.

Kwa upande wa maji, basi, kisa hiki hakina fumbo. Tunajua kwa kiasi kikubwa waliko. Fumbo liko nchi kavu.

Langoni

Mtoto mdogo kwenye meli zetu za zamani alikuwa mzigo wa mkononi. Anayenyonya hakuandikwa, wa miaka mitatu alipakatwa, wa miaka sita alisimamishwa mbele ya mama na mkata tiketi akaambiwa "huyu bado mdogo", na mkata tiketi naye ni baba wa watu, akatazama pembeni. Ilikuwa huruma, na sitaki kuidharau. Nauli ya Pemba kwa mama mwenye watoto watatu haikuwa kitu kidogo. Lakini huruma ile ilimlipia mtoto nauli kwa kumfuta jina.

Wala si ya kwetu peke yetu. Septemba 26, 2002, meli ya Le Joola ya Senegal ilizama nje ya pwani ya Gambia ikitoka Ziguinchor kwenda Dakar. Iliruhusiwa kuchukua watu wasiofika 600. Hesabu rasmi ya waliokufa ni 1,863, na walionusurika ni 64. Baada ya hapo waliohesabu tiketi waligundua kwamba mamia ya watu hawakuwa nazo, na kundi moja wapo ni watoto wa chini ya miaka 5, ambao kwa utaratibu hawakutakiwa kukatiwa. Miaka tisa kabla ya Nungwi, basi, somo lilikuwepo mezani, kwenye bara letu hili hili, kwenye meli ya namna hii hii.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini, ule wa SOLAS, unataka watu wote wahesabiwe kabla chombo hakijang'oa nanga, waandikwe majina na jinsia, na orodha iwapambanue watu wazima, watoto na wachanga. Unataka pia orodha ikae nchi kavu, kwa sababu orodha iliyomo melini huzama na meli. Mkataba huo umewekwa kwa safari za kutoka nchi moja kwenda nyingine. Unguja na Pemba ni nchi moja. Kwa hiyo mtoto anayevuka kutoka Mombasa kwenda nchi ya nje ana haki ya kuandikwa, na aliyevuka kutoka Malindi kwenda Mkoani alitegemea wema wa aliyekaa langoni.

Kuna jambo jengine ambalo nadhani halikupewa uzito. Mwaka ule ule wa 2011 Zanzibar ilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 6, inayosema mtoto ana haki ya jina na kusajiliwa. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kilikuwepo tangu sheria ya 2005, lakini ni cha watu waliofika miaka 18. Aliye chini ya hapo karatasi yake ni cheti cha kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa hakiendi safarini. Kimefungiwa kwenye sanduku pamoja na hati ya shamba, au hakijachukuliwa kabisa.

Maisara

Miili ililetwa viwanja vya Maisara mjini, watu wakapita kutafuta wa kwao. Kutambua kwa macho, kwenye joto la Septemba, baada ya mwili kukaa majini. Kwa mtu mzima kuna msaada: pete, kovu, simu mfukoni, hina ya Idi mikononi, pambo la jino. Mtoto hana hayo. Wataalamu wa kutambua miili ya maafa hutegemea alama za vidole, meno na vinasaba. Mtoto hana alama za vidole zilizowekwa popote, meno yake ni ya utoto na hakuna daktari aliyeyapiga picha. Vinabaki vinasaba, na vinasaba vinamtaka mzazi wa kulinganisha naye. Mzazi akiwa naye amepotea, itafutwe bibi, mjomba, ndugu wa tumbo moja aliyebaki. Inawezekana. Inataka sampuli ichukuliwe kabla ya kuzika, na kuhifadhiwa, na mtu wa kuiuliza baadaye.

Dini yetu inataka maiti azikwe upesi, na hakuna mtu mwenye akili aliyetaka miili ibaki juani. Lakini kuzika upesi hakuzuii kuchukua sampuli ndogo ya mwili na kuitia kwenye chombo chenye namba, na namba ile ile kuandikwa kwenye kaburi. Hiyo ni kazi ya dakika chache kwa kila mwili, nayo ndiyo tofauti baina ya kaburi ambalo siku moja linaweza kupata jina na kaburi ambalo haliwezi.

Mezani kwa Kadhi

Watu wa nje wakiandika juu ya waliopotea huandika machozi. Machozi yapo, lakini baada ya arubaini huja maswali ya sheria, na kwetu maswali hayo huenda kwa Kadhi: ndoa, talaka, mirathi. Mafakihi wanaye mtu wanayemwita mafqud, aliyepotea na haijulikani yu hai au amekufa, na hukumu zake ni nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Asili ni kwamba aliyepotea huhesabiwa hai mpaka upatikane uthibitisho. Mali yake haigawiwi. Akiwa ni mrithi wa mtu mwengine, fungu lake huwekwa kando. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi, mke wa aliyepotea anaweza kusubiri muda mrefu sana mpaka yakini au hukumu ya kadhi ipatikane, kisha ndipo akae eda yake ya miezi minne na siku kumi. Aliyepotea safari ya biashara na aliyepotea ndani ya meli iliyozama hawako sawa. Wa pili kadhi ana mahali pa kushika. Ila ana sharti moja. Lazima athibitishiwe kwamba mtu huyo alipanda.

Tumerudi langoni.

Nitoe mfano wa kubuni, kwa hesabu. Mama kafa maji usiku ule, mwili wake umepatikana Maisara. Ameacha mume, kaka, na nyumba ndogo aliyorithi kwa baba yake huko Chake Chake. Alisafiri na mtoto wake mmoja wa pekee, wa kiume, wa miaka mitatu, na mtoto hakuonekana. Mume anarithi nini? Mkewe akiwa ana mtoto, mume anapata robo. Asipokuwa na mtoto, anapata nusu. Sasa kuna kanuni juu ya waliozama pamoja: kwa Mashafii na wengi wengineo, watu wakifa kwa tukio moja na haijulikani nani alitangulia, hawarithiani. Basi ikithibiti kwamba mtoto alikuwamo na akafa pamoja na mama yake bila kujulikana nani wa mwanzo, hesabu inafanywa kana kwamba hakuwepo: mume nusu, kaka kinachobaki. Isipothibiti kwamba alikuwamo, mtoto ni hai kwa hukumu, mume anapewa robo, na fungu la mtoto, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, linasimamishwa. Hapo kaka wa marehemu hana haki ya kugusa kitu, wala nyumba haiuziki, wala paa halitengenezwi kwa kuwa hakuna anayejua ni la nani.

Yote hayo yananing'inia kwenye swali la kama mtoto wa miaka mitatu alipita lango la bandari akiwa amepakatwa. Mkata tiketi aliyetazama pembeni hakujua kwamba anaandika mirathi.

Kusubiri

Asiyekuwa na mwili wa kuzika hana siku ya kuanzia. Swala ya ghaibu inaweza kuswaliwa, hitma inaweza kusomwa, na zilisomwa nyingi Unguja na Pemba. Masheikh waliwapoza watu kwa hadithi inayojulikana, kwamba aliyekufa maji ni shahidi. Kuna nyumba zilizotulia kwa hilo. Kuna nyumba ambazo mama alikataa hitma ya mwanawe kwa miezi, kwa sababu kusoma hitma ni kukubali.

Penye nafasi hiyo baina ya kujua na kutojua huingia kila kitu. Huingia khabari kwamba mashua ya Tanga iliokota watoto wawili. Huingia khabari ya mtoto aliyeonekana Mombasa asiyekumbuka jina la baba yake. Huingia anayetizamia, akapiga ramli yake, akasema mtoto yu hai, yuko mahali penye maji na miti mirefu, lete kuku na kitambaa cheupe. Sina ugomvi na aliyekwenda kutizamiwa. Aliyefiwa na mtoto asiyezikwa atagonga kila mlango. Nina ugomvi na mlango uliopaswa kuwa wazi ukafungwa. Uvumi wa mtoto aliyeokotwa Tanga unauliwa kwa njia moja tu: ofisi moja yenye orodha ya watoto wote waliotajwa kupotea, jina, umri, alama ya mwilini, na mtu wa kupiga simu hospitali na polisi kuanzia Tanga hadi Mombasa, kisha kurudi kwa mama na jibu. Jibu la hapana nalo ni jibu.

Baada ya hapo

Julai 18, 2012, miezi kumi na siku chache baadaye, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, mchana, siku mbili tatu kabla ya Ramadhani. Tena watu wakapotea, tena familia zikahesabiana wenyewe. Waziri wa Miundombinu na Mawasiliano wa Zanzibar, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Kuna waliomlaumu kwa kuchelewa na waliomsifu kwa kuthubutu. Jambo lenyewe ni adimu kwetu, na naliweka hapa kwa haki yake.

Yamebadilika mengi tangu hapo, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Meli kongwe nyingi zimeondoka. Serikali ilinunua MV Mapinduzi II, chombo kipya kutoka Korea Kusini, kilichofika mwishoni mwa 2015. Tiketi siku hizi mara nyingi hukatwa kwa jina na kitambulisho. Mwaka 2018 sheria mpya iliunda wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, vizazi na vifo vikakusanywa mahali pamoja.

Mimi bado natazama mambo mawili. La kwanza ni mtoto mchanga wa mkononi: je, kaandikwa jina lake, au imeandikwa tu "mtoto 1"? Mtoto 1 hatafutiki. La pili ni dakika kumi za mwisho kabla ya kamba kufunguliwa, wanapopanda aliyechelewa, mchukuzi aliyepandisha mzigo akabaki, na jamaa wa baharia. Orodha iliyofungwa kabla ya dakika hizo ni orodha ya safari nyingine.

Na kuna kazi ya zamani ambayo haijapitwa na wakati. Majina 1,370 yalitajwa na watu, na wengi wa waliotaja wako hai. Yanaweza kupitiwa shehia kwa shehia, Pemba kwanza, kwa lengo moja: kumuweka kila mtoto na umri wake. Ushahidi wa watoto upo, ila haukukaa bandarini. Upo kwenye daftari la mahudhurio la skuli, ambapo jina liliitwa Septemba ile likakosa wa kuitika, wiki baada ya wiki, mpaka mwalimu akalipiga mstari. Upo kwenye kadi ya kliniki iliyobaki na bibi, yenye tarehe ya chanjo ya mwisho. Upo chuoni, kwa ustadhi anayekumbuka nani aliishia juzuu gani. Mkunga wa mtaani anajua kichanga gani kilizaliwa baina ya mwanzo wa Ramadhani na Idi, hata kama babu hakuwahi kukiona. Madaftari ya skuli yanaliwa na mchwa na wakunga wanazeeka, kwa hiyo hayo mawili ndiyo ya kuanzia.